Mawe ya Ziwani Hayafai Moto

Jumapili, 15 Machi 1964

Duol ya mzee imeanguka jana usiku. Hakuna aliyesikia, maana mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyumba ya Dishon, kaka wa mume wangu, kana kwamba inamdai. Asubuhi tulikuta paa limekaa chini na ziwa limeingia mpaka mahali pa kigoda chake. Duol ni kibanda cha mwenye boma, karibu na zizi, ambamo wanaume huota moto jioni na kula pamoja. Mwaka jana nilipoolewa hapa sikulijua neno hilo. Sasa nimelijua na chenyewe hakipo.

Mzee Wangwe, baba mkwe wangu, alisimama na fimbo yake akayatazama maji kwa muda. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Kariakoo, jeshi la wapagazi, alichokiokota vitani enzi za Mjerumani: "Hii ziwa haina adabu. Inaingia kwa mtu bila kupiga hodi."

Nitaandika habari za mvua hii mpaka ikatike. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoolewa nayo. Cephas, mume wangu, alipokuja kufundisha kwetu Kehancha hakujua Kikuria, nami sikujua Kijaluo, tukachumbiana kwa lugha ya shule. Kijaluo changu cha sasa ni cha kuombea chumvi tu.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Mama Filister, mama mkwe wangu, anakohoa. Ni moshi. Yeye ni mfinyanzi, na siku hizi vyungu vyake havikauki nje, anavipanga ndani ya jiko karibu na mafiga.

Alhamisi, 19 Machi

Mzee anatetemeka. Kifua chake ni kibovu tangu mwaka jana, na sasa analala nyumbani kwa Mama ambako unyevu unapanda ukutani. Nilimwambia aje jikoni kwangu aote moto. Alinitazama kama nimemwambia avae kanga. Mwanamume wa rika lake haoti moto wa jikoni.

Kwetu moto wa wanaume huwa nje, karibu na ng'ombe. Baba yangu, mzee Maroa, angeweza kulala njaa lakini si kulala bila kuuketia moto huo. Boma lisilo na moto wa nje, watu wetu hupita wakiuliza kama mwenyewe amehama. Basi nimeamua nitamjengea baba mkwe mahali pa moto uani, pawe na shimo na mawe ya kuzunguka, paezekwe kidogo juu. Akipata joto atapona.

Jumamosi, 21 Machi

Cephas alikuja jana kutoka Homa Bay, anakofundisha. Huja kila Ijumaa akiwa na matope mpaka magotini. Nilimweleza habari ya moto akafurahi, akasema tutumie saruji. Mume wangu ni mwalimu na kila tatizo kwake dawa yake ni saruji. Ana mfuko wa sakafu ya choo, ulio ghalani tangu Krismasi. Tulipoufungua ulikuwa umeganda wote, jiwe moja lenye umbo la mfuko. Nilicheka mpaka akanuna.

Leo nimetafuta mawe. Huko juu kwenye kilima kuna boma la kale lililohamwa, mawe yamejaa, makavu, mazuri. Nilikuwa nimeshainama kuchukua la kwanza nikasikia Benta, mke wa Dishon, shemeji yangu mkubwa, ananiita kutoka njiani.

"Hayo si ya kuchukua. Hiyo ni gunda, mahali watu walihama. Watu walienda, lakini mafiga yao ilibaki. Ukiweka kwako unaleta shida ya wenyewe."

Nilimshukuru. Benta si mtu mbaya, ila husema kila jambo kama anakukata mkono. Nikashuka ziwani. Maji yalivyopanda yameyasukuma mawe mpaka kwenye ua wa mkonge, meusi, ya mviringo, yamesuguliwa vizuri hata huhitaji kuyachagua. Nimeyabeba kwa karai mpaka shingo inauma.

Jumatatu, 23 Machi

Leo nimechafua hali ya hewa, na sijui nitaisafishaje.

Mama Filister aliondoka alfajiri kwenda sokoni Magunga na vyungu vyake. Nilitaka arudi akute mambo tayari. Nilichimba shimo katikati ya ua, mkabala na mlango wa nyumba yake, ili Mzee akitoka kitandani asitembee mbali. Nikapanga mawe, nikawasha. Kuni zilikuwa mbichi na moto ulikuwa moshi mtupu, lakini Mzee alitoka na blanketi lake akakaa, akanyoosha mikono. Uso wake ulifunguka. Nilijiona binti mwema kuliko wote.

Mama alirudi jioni. Alipofika langoni akaona moto, akaona watu wawili watatu wamesimama, akaangusha mzigo. Vyungu viwili ambavyo havikununuliwa vilivunjika palepale. Akapiga yowe. Alidhani Mzee amekufa.

Benta ndiye aliyenieleza, kwa hasira. Moto unaowashwa nje katikati ya ua, mbele ya nyumba kubwa, ni magenga. Huwashwa siku mwenye boma akifariki, wanaume wakaulinda mpaka matanga yaishe. Hauwashwi siku nyingine yoyote, usije ukamwita mwenyewe kaburini. Mimi nimemwashia mgonjwa moto wa matanga yake.

"Hata mtoto anajua," Benta alisema.

"Mimi si mtoto wa hapa. Mbona hukuniambia ulipoona nachimba?"

"Nilikuwa shambani. Na nani angefikiri?"

Nilitaka kuuzima kwa ndoo ya maji. Mzee ndiye aliyenizuia, na alikuwa anacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Acha. Watu wote wanawashiwa wakiwa hawasikii joto. Mimi nimebahatika kuota yangu." Mama Filister alimjibu kwa Kijaluo maneno mengi ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa. Mzee alikataa kuinuka. Alisema yeye ni wuon dala, mwenye boma, na akiamua kuota moto hapo ataota.

Mama akausogelea moto. Akalitazama jiwe moja, akaligusa kwa kidole cha mguu, akatazama lingine. Nilidhani sasa atayapiga mateke yote. Hakusema kitu, akaenda zake jikoni. Nikadhani amekubali.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Moto mdogo. Mzee ameketi hapo mchana kutwa. Benta hapiti upande huo wa ua.

Jumatano, 25 Machi

Dishon alipasua mtumbwi mkuukuu uliokuwa umehifadhiwa chini ya ghala, mbao kavu kabisa, akauleta kumfurahisha baba yake. Moto ukawaka kwa mara ya kwanza kama moto. Mzee alikuwa anasimulia habari za Kariakoo, jinsi walivyobeba risasi kichwani mpaka nywele zikakataa kuota, na tulikuwa tunacheka, hata Dishon ambaye hacheki. Ndipo jiwe likalia. Sikuwahi kusikia jiwe likipasuka. Lilitoa mlio wa bunduki, majivu yakaruka, kisha la pili likapasuka, na Mzee akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Kipande kilimpiga muundini. Kimechana nyama mpaka mfupa unaonekana, na pembeni ya jeraha pameungua. Dishon alimbeba. Mama Filister alitoka mbio, akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono yake iliyojaa udongo, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Moto umezimwa. Watu wamekuja kutazama lile shimo, wananitazama, wanaondoka. Nimemsikia Benta akimwambia mmoja wao kwa Kijaluo, na neno magenga nalijua sasa.

Ijumaa Kuu, 27 Machi

Dresa wa dispensari amekuja, ameosha kidonda, amepaka dawa ya rangi ya zambarau. Anasema mgonjwa awe pakavu. Pakavu ni wapi? Maji ya ziwa yamepita ua wa mkonge.

Jumamosi, 28 Machi

Cephas na mimi tulizungumza chini ya mwavuli nyuma ya nyumba ili watu wasisikie.

"Watu wanasema maneno," alisema. "Nadhani uende kwenu kidogo. Mpaka mvua iishe."

"Mpaka mvua iishe, au mpaka Baba afe?"

"Usiseme hivyo."

"Akifa nikiwa hapa nimemuua kwa moto. Akifa nikiwa kwetu nimemuua nikakimbia. Nichagulie."

Cephas ni mtu mzuri darasani, lakini mbele ya maneno ya watu huyeyuka. Najua mke arudishwaye kwao kwa sababu ya masika, kiangazi hakimrudishi. Sina mtoto bado wa kunishika mkono hapa. Nilimwambia sitaondoka mpaka Baba atembee kwa mguu ule. Alikubali kwa kichwa. Nimeapa mbele ya mume wangu na sasa maisha yangu yote yamewekwa kwenye muundi wa mzee mmoja.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Kidonda vilevile.

Jumatatu, 6 Aprili

Moto wa Benta ulizimika alfajiri. Aliuona moshi wangu, kwa sababu nilikuwa mlangoni naye akanitazama. Akachukua kigae chake akaenda kuomba makaa boma la jirani, kule ng'ambo ya kijito, kwenye mvua. Alirudi ameyafunika kwa jani la mgomba. Nilitamani anitukane tu.

Ijumaa, 10 Aprili

Ziwa limefika lango la chini. Samaki wadogo wamo ndani ya zizi. Tumehamishia ng'ombe katika zizi jipya huko juu, kwa kina Dishon. Mama anakohoa.

Jumanne, 14 Aprili

Kidonda kinanuka. Mzee hacheki tena. Ameniita akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyar Kuria, moto yangu iko wapi?" Binti wa Kuria, ndivyo wanavyoniita wote hapa. Nilimwambia kuni zimeloa. Alijua nadanganya akafumba macho.

Jumapili, 19 Aprili

Sikwenda kanisani ili nimlinde Mzee. Mama Filister naye alibaki. Alikuwa anaponda vigae vya vile vyungu viwili vilivyovunjika, anavisaga kwa jiwe, kazi ambayo mimi nimeiona mara nyingi bila kuuliza. Nilimuuliza ni vya nini. Nilitaka tu kuvunja ukimya, kwa maana tangu siku ile ya mguu hatujaongea zaidi ya salamu.

"Nachanganya na udongo," alisema. "Udongo peke yake inapasuka. Lazima uiweke kitu ambayo imeshaona moto." Kiswahili chake ni kidogo, anakitoa kama mtu anayehesabu mayai. Akaendelea kusaga. "Kitu ambayo ina maji ndani, ukiiweka kwa moto, maji inatafuta mlango. Ikikosa mlango inavunja ukuta."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Niliweka chini bakuli nililokuwa nimeshika.

"Mama. Ulijua."

Hakuinua macho. "Niligusa na mguu. Ilikuwa ya ziwa. Imekunywa maji tangu dunia ianze."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Wuon dala alikataa kuinuka. Nikasema, acha moja ilie. Ikilia wataogopa, watazima hiyo moto. Nilifikiri italia tu." Akakohoa, muda mrefu, mkono kifuani. "Sikufikiri mguu."

Nisiandike uongo katika shajara yangu mwenyewe. Nilimchukia. Kwa muda ule nilimchukia mpaka masikio yakaziba. Wiki zote hizi nimebeba jina la mchawi, nimepitwa na watu wanaokwenda kuomba makaa ng'ambo, na yeye amekaa hapa mlangoni na udongo wake anajua. Nilisimama niende nikamwambie Dishon, nimwambie Benta, nikapige kelele sokoni Magunga.

"Nenda uwaambie," alisema. "Mimi sina uwezo. Nimejaribu. Asubuhi nasema leo, jioni nasema kesho."

Alikuwa analia huku anasaga. Machozi yalianguka kwenye vile vigae akayafuta kwa kiganja ili yasiharibu unga. Nadhani hilo ndilo lililonifanya nikae tena. Mwisho nilimwambia, "Baba anaulizia moto. Kidonda hakitapona kwenye maji."

Akafikiri. "Duol ilikuwa na moto miaka yote na haikuita mtu. Tujenge pale juu kando ya zizi mpya. Si katikati. Na tuchague vizuri."

Jumatatu, 20 Aprili

Tumepanda kilimani, mimi na Mama, kwa mwendo wake. Alisimama mara nyingi kupumua na kila mara alisema anatazama ziwa.

Mawe anayoyataka yapo chini ya mwamba ulioning'inia, ambako mvua haifiki. Analiinua jiwe, analigonga kwa jingine, anasikiliza kama anavyosikiliza chungu sokoni. Likilia vizuri analiweka. Likijibu kwa sauti nzito analitupa, lina ufa ndani. Lenye vijishimo analitupa. Jeusi la kung'aa analitupa. Mimi nilipewa kazi ya kubeba na kukataliwa. Kila nililomletea alilitupa, mpaka nikaanza kulitupa mwenyewe kabla hajaligusa. Alicheka. Sijawahi kumwona akicheka na meno.

Tulipokuwa tunashuka tulikutana na Benta. Mama alimsimamisha akaongea naye kwa Kijaluo, taratibu, na Benta akaweka chini mtungi wake. Nilisikia neno la ziwa na neno la mguu. Benta alinitazama mimi, akamtazama Mama, akachukua mtungi akaenda. Sijui kama alimwamini.

Ijumaa, 24 Aprili

Udongo wa kichuguu. Dishon ameuchimba, Mama ameuchekecha. Amechanganya na unga wa vigae, tumeukanyaga kwa miguu yetu, mimi na yeye, tumeshikana mikono tusiteleze. Mzee aliletwa mlangoni kutazama. Akasema, "Sasa wanawake wanajenga duol. Ulaya imefika." Ni utani wake wa kwanza mwezi huu.

Cephas amekuja akasema tungetia saruji kidogo. Mama alimwambia maneno matatu ya Kijaluo na mwalimu akaenda kubadilisha viatu.

Alhamisi, 30 Aprili

Shimo limekamilika. Mawe ya kilimani chini na pembeni, na juu ukingo wa udongo wa kichuguu, mpana kiasi cha kuegemea. Dishon ameezeka mafunjo juu yake. Leo Mama ameanza kuupamba ukingo kwa kidole gumba, alama ndogo ndogo zinazofuatana, zilezile anazoweka shingoni mwa vyungu vyake. Nilimwambia ni shimo la moto, si chungu. "Chungu ni nini?" alijibu. "Si shimo ya moto iliyogeuzwa?"

Mzee anataka tuwashe leo leo. Mama amekataa. "Haijakauka. Mimi siwezi kuharibu mguu wa pili." Alisema hivyo mbele ya Dishon na hakuna aliyemuuliza maana yake.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Ukingo umefunikwa mkeka. Haukauki. Mama anafunua, anagusa kwa shavu lake, anafunika. "Bado." Anasema shavu halidanganyi kama mkono.

Jumatano, 6 Mei

Bado. Alikohoa mpaka akakaa chini matopeni. Nilimwambia twende dispensari. Alisema dresa alikuja kwa ajili ya wuon dala na si kwa ajili ya moshi wa jikoni. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto.

Ijumaa, 8 Mei

Mama hajaamka kitandani. Nilipokunja kanga yake niliona damu, ya zamani na ya leo. Amekuwa akikohoa damu na kuifua mwenyewe alfajiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi watu wazima watano katika boma hili tulikuwa tumeugeuzia uso mguu wa mzee. Hata mimi. Nimerudi kusoma nilichoandika na kikohozi chake kimo tangu ukurasa wa kwanza, mimi nikisema ni moshi.

Dishon amekwenda kutafuta gari la kumpeleka Homa Bay. Barabara imekatika. Mtumbwi hauwezi kutoka, mawimbi ni makubwa.

Jumapili, 10 Mei

Aliniita. Sauti imekwisha, ananong'ona. "Ukingo?"

"Bado kidogo, Mama. Upande mmoja."

"Upande ambayo sikumaliza kuweka alama."

"Nitaumalizia mimi."

"Kidole yako ni mbaya," alisema. Kisha akanishika mkono. "Usiwashe haraka. Mavi ya ng'ombe kwanza, na nyasi. Kidogo kidogo. Ikiacha kutoa mvuke, ndiyo ulishe kuni."

Nilisema nimesikia. Nilitaka kumwambia kwamba nimemsamehe, na nilijua angesema ninapoteza muda, basi nikakaa tu na mkono wake.

Jumatatu, 11 Mei

Mama Filister amefariki leo asubuhi, wakati ng'ombe wanatoka.

Benta ndiye aliyelia wa kwanza, na katika kulia kwake alisema neno ambalo nililingojea tangu Machi, ila nililingojea kwa kifo cha mtu mwingine. Alisema moto ulimkosa mzee ukamchukua mama. Watu walianza kuingia langoni na kila aliyeingia alilikuta neno hilo hewani. Cephas alikuwa hajafika. Nilisimama karibu na ghala na nilikuwa najiambia, Priscilla, kanga zako ni nne, sanduku ni dogo, unaweza kulibeba peke yako mpaka Kehancha.

Mzee alitolewa nje. Alikataa kubebwa. Alitembea, kwa fimbo, ule mguu akiukanyaga, kutoka mlangoni mpaka zizini. Watu wakampisha. Akakaa karibu na shimo akasema, "Washa moto."

Dishon aliinama karibu naye. "Baba, mama hawashiwi. Hiyo ni ya mwanamume."

"Mimi nikiwa Kariakoo, nani alishika hii boma na mama yangu? Nani alichoma chungu mpaka ikazaa ng'ombe? Washa."

Dishon akaniangalia. Wanaume walikuwa wameshaleta magogo. Nikaufunua mkeka, nikainama, nikaweka shavu langu kwenye ukingo mbele ya watu wote. Upande wa alama zake ulikuwa mkavu. Upande wa mwisho, usio na alama, ulikuwa wa baridi.

Nikasema, "Bado haujakauka."

Kulikuwa na mnong'ono. Mtu alisema kwa sauti kwamba sasa huyu mgeni anamnyima hata maiti moto. Lakini nilikuwa nimeshaharakisha mara moja.

"Mama alisema tuanze na mavi ya ng'ombe na nyasi. Kidogo kidogo. Ukiacha kutoa mvuke ndipo kuni. Nitafanya alivyosema, na asiyeweza kungoja aende nyumbani."

Sikuwahi kusema hivyo mbele ya wakwe. Mzee alijifunga blanketi lake vizuri. "Tunangoja," alisema, na kwa kuwa yeye alikaa, wote wakakaa.

Niliwasha moto mdogo ambao usingechemsha hata chai. Nililowesha kidole, nikatia alama kwenye kile kipande alichokiacha, mbaya, zimepinda, alivyosema. Kisha nikalisha mavi makavu, konzi kwa konzi, kutoka asubuhi mpaka jua likaelemea upande wa kisiwa cha Rusinga. Mvua ilikuja ikapita juu ya paa la mafunjo. Mvuke ulipanda kutoka kwenye ukingo, mwingi, kisha mchache, kisha nikaweka mkono nikaona hakuna. Wakati wote huo nilikuwa nasikiliza. Kila kuni ilipolia niliruka.

Jioni Dishon aliweka magogo na moto ukasimama. Tulikaa tumeutazama. Jiwe halikulia. Ukingo haukupasuka, ulibadilika rangi tu, kutoka kahawia hadi nyekundu, na alama za kidole chake zikaonekana zote.

Mzee alinyoosha mguu wake wenye kidonda karibu na joto. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ingawa hapakuwa na mtu aliyehitaji Kiswahili isipokuwa mimi: "Huyu mama, mimi nilitaka moto, yeye akaogopa itaniita. Akakaa mlangoni kunilinda, na ile kitu ikaingia kwake. Mtu akiuliza nani aliita moto hapa, mwambieni ni Wangwe. Mimi niliita. Mimi nilisikia baridi."

Alhamisi, 14 Mei

Amezikwa kushoto mwa nyumba yake. Cephas alifika jana akiwa amelowa mpaka kifuani, amevuka mito kwa miguu. Alilia kifuani pangu mbele ya ndugu zake. Hakutaja Kehancha.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua kidogo. Kidonda kinafunga. Moto haujazimika tangu siku ile, Mzee hakubali.

Jumanne, 2 Juni

Jua, siku ya tatu. Ziwa limesimama pale pale lilipo, halipandi wala halishuki. Zizi la zamani limezama moja kwa moja.

Asubuhi na mapema nilikuwa nachochea moto kwa ajili ya Mzee. Niliona miguu ya mtu imesimama upande wa pili wa ukingo. Alikuwa Benta. Mkononi alikuwa na kigae, na nilikitambua. Kilitoka kwenye vile vyungu vilivyovunjika langoni siku ya Magunga, kipande kimoja ambacho Mama hakukisaga. Benta alisimama akitazama moto, si mimi.

"Kwangu imezimika," alisema.

Nilingoja aseme anakwenda ng'ambo ya kijito.

"Nipe moto, yuora."

Shemeji. Tangu nije hapa alikuwa hajaniita hivyo. Nilichagua makaa makubwa, yaliyoshika vizuri, nikayaweka kwenye kigae chake kimoja kimoja kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona. Aliyafunika kwa mkono akaondoka nayo kwenda jikoni kwake, na baada ya kitambo kidogo nikaona moshi wake umepanda.